Fundi Aliyekuja Kabla ya Adhana

Mimi si mtu wa kuapa ovyo, waulizeni watu wa Bofu. Lakini hili lilinifika mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, mato yangu yako wazi na akili zangu zimetulia. Atakayesema bibi huyu aliota, na aje anikalie hapa mkekani aniambie usoni.

Nina kilaptopu. Msicheke. Ni kidogo, kama kibao cha kukatia vitunguu, nilikinunua mkononi kwa Twalibu, muuza vyombo vya umeme vilivyotumika kule karibu na feri. Shule sikusoma, nilipita ngumbaru miezi mitatu nikatoka na herufi zangu basi. Mjukuu wangu Mwanajuma ndiye aliyenifundisha kukiwasha na kuandika kwa kidole kimoja, kisha akaolewa Malindi akaniacha nacho.

Cha nini kwa ajuza kama mimi? Ni kwa ajili ya makaburi yetu. Mvua ilibomoa upande mzima wa ukuta, na kamati ya msikiti ikataka kujua nani kalala wapi kabla ya kujenga upya. Makaburi ya watu wetu hayaandikwi, ni mawe ya matumbawe tu, moja kichwani moja miguuni. Aliyebaki anayewajua wote ni mimi. Athmani wa Zuhura, pembeni yake Mwanatumu wa Riziki, nyuma yao Hamisi na Salimu, pacha wa Mishi, waliozikwa siku moja. Nikaandika kila mmoja kwa jina lake na la mamake, kwa sababu kaburini mtu huitwa kwa mamake siku ya talkini, anaposomewa baada ya kuzikwa. Na chini ya kila mmoja nikaandika wanawe walio hai, na wao pia kwa mama zao. Zaidi ya mwaka nimeandika. Mjinga mimi, sikufikiri nimeweka kitu gani mle. Nyote mwajua mtu akitaka kumfanyia mwenziwe ubaya, jina analotafuta kwanza ni la mama.

Kilaptopu chenyewe kilikuwa mgonjwa. Ukikiwasha, unaweka chai jikoni, inachemka, unakunywa, ndipo kinaamka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, ukichomoa waya kinazima papo hapo. Feni ikivuma mpaka paka anahama chumba. Nikakiinua kwa vipande viwili vya mbao kipate hewa, kikapoa kidogo. Omari fundi, mwenye kibanda sokoni, akakiongezea memori, na kwa wiki kadhaa kilikimbia hata nikamsifu kwa jirani. Kisha ndani kukaanza kugonga, tik, tik, tik, kama mtu abishaye mlango. Siku moja kioo kikawa cheusi, maandishi meupe mawili matatu, basi.

Omari aliposikia kule kugonga kwenye simu aliniambia diski inakufa, na majina yamo ndani yake. Nisikiwashe tena, maana kila nikikiwasha naimaliza. Angetafuta diski mpya, zile zisizozunguka, na waya wa kuyahamisha majina, na kwa kuwa miguu yangu hainifikishi sokoni siku hizi, angekuja nyumbani Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri. Kama majina yatatoka au hayatatoka, hakuniahidi. Usiku ule sikula.

Alhamisi ikafika. Nilikuwa nimefagia uwanja vizuri, mistari ya ufagio imelala mchangani kama nywele zilizochanwa. Stima ilipotea tangu asubuhi. Jua liko utosini, adhana bado, ile saa wazee walituficha ndani tusitoke. Nikasikia naitwa kutoka nje. Na sikuitwa bibi, niliitwa jina langu la utotoni, ambalo hapa silitaji.

Wanangu, tulilelewa vipi? Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Mamangu alinipiga makofi kwa hilo. Lakini roho yangu yote ilikuwa kwa yale majina, nikasahau malezi. Nikasema, "Abee."

Akaingia Omari. Uso wa Omari, shati la Omari, mkoba wa Omari. Hakutoa salamu. Viatu hakuvua, akapita navyo juu ya mkeka. Nikasema moyoni, vijana wa leo, hata huyu kaharibika. Nikampa kilaptopu.

Akafungua misumari kwa ukucha, niaminini, ule ukucha wa kidole gumba, ikatoka kama mbegu za papai. Akatoa diski akaiweka kando. Akatia kitu kingine kutoka mkobani, mwili wake umekikinga nisikione. Akafunika, akabonyeza, na kufumba na kufumbua kioo kikang'aa. Majina yote yakatokea. Athmani wa Zuhura. Mwanatumu wa Riziki. Nililia, siwafichi. Nikamwombea dua mpaka kwa wajukuu ambao hajawapata.

Nikamwuliza ujira wake. Akasema hataki kitu, nimpe tu ile diski mbovu akaitupe.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuiokota. Nikawa namnyooshea. Ndipo jicho langu likaangukia ukutani, ambapo waya wa chaja umening'inia haujachomekwa popote. Nikaangalia taa ya chumba, imezima. Stima hakuna. Na betri ile naijua mimi kuliko ninavyojua magoti yangu, imekufa. Basi kile kioo kinawaka kwa umeme gani?

Niliirudisha ile diski, nikaifunga kibindoni, ndani ya leso, fundo mara mbili. Nikamwuliza kwa upole, kama ninayetaka kumtilia chai:

"Wewe mwanangu, hivi wewe ni nani?"

"Omari, bibi. Leo umenisahau?"

"Omari wa nani?"

"Wa Bakari."

"Babako sikukuuliza."

Akacheka, na kicheko hakikufika machoni. Akasema Fatuma. Nikamwambia kila nyumba ya hapa ina Fatuma, aongeze bidii. Akasema Mwanaisha. Nikatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama kinywani, kama mtu anayejaribu neno la siri la simu ya mwenziwe. Jasho hana, na joto lile lilikuwa la kuivisha mkate. Mara ya tatu akasema Mishi, na ile sauti haikuwa ya Omari tena, ilikuwa ya mwanamke, kisha ya mzee.

"Tatu umekosa," nikamwambia. "Mamake Omari namjua, kitovu cha Omari nimekikata kwa mkono huu. Wako simjui, na kwenye orodha yangu hayumo. Yale ya kiooni ni kiini macho tu, majina yenyewe ninayo kibindoni, hata moja hulipati. Toka."

Aliinama akaniambia taratibu kwamba wale niliowaandika wote watakuja kunilaumu. Nikamjibu na waje, wote ni watu wangu, nitawatandikia mkeka. Nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti ya kusomeshea watoto. Akasimama, akarudi nyuma nyuma hadi mlangoni, na kioo nacho kikawa kinafifia kwa kadiri alivyokwenda. Alipovuka kizingiti kikazima. Nilimfuata, naam, kwa magoti haya haya. Uwanjani hapana mtu. Na mistari yangu ya ufagio imelala vile vile, hapana unyayo wa kuja wala wa kurudi.

Ndipo adhana ikalia.

Omari alipokuja baada ya swala alipiga hodi, akatoa salamu, akavua makubadhi. Nikamzuia pale pale mlangoni nikamtaka jina la mamake. Akadhani nimeanza kuchanganyikiwa, maskini, akanitajia polepole kama anayemwambia mgonjwa, na la bibi yake juu. Nikamwambia pita.

Nilimsimulia, akatabasamu kwa adabu. Kisha akakifungua kilaptopu kwa bisibisi, na tabasamu likaisha. Mahali pa diski palikuwa na kipande cha tumbawe, kimechongwa kikakaa sawasawa, kimeota ukungu upande mmoja kama mawe ya kule makaburini. Halafu akaniuliza kama ninayo ile diski yenyewe. Nikafungua kibindo.

Stima ilirudi alasiri. Akaiunga diski kwa waya kwenye kompyuta yake, ikagonga tik, tik, akasema bibi, soma chochote. Nikasoma Yasini. Ikanyamaza, ikagonga tena, nikarudia. Karibu na magharibi akapiga paja lake. Yametoka. Nikayapitia moja moja kwa kidole, kichwa changu kikiwa ndio daftari. Hakupungua mtu.

Akatia diski mpya. Siku hizi nakiwasha, na kabla sijamaliza bismillahi kimeamka. Ile ya zamani niliitia kinuni nikaitwanga kwa mchi, Omari akinisihi kwamba nyundo ingetosha. Lile tumbawe alilichukua imamu, sikumwuliza alikolipeleka. Ukuta wa makaburi umejengwa, kila kaburi lina jina, na siku ya hitima imamu alisoma karatasi zangu tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu waliosoma hadi vyuo vikuu. Mimi wa ngumbaru nimekaa upande wa wanawake, nimejifunika buibui langu jipya, nasikiliza. Niliona raha, sitawadanganya.

Bado naitwa. Jua likifika utosini nasikia jina langu la utotoni kutoka uwanjani, mara kwa sauti ya Mwanajuma, mara ya marehemu mume wangu. Hiyo ya pili ni ngumu. Siitiki. Natia chaja, naandika majina, sasa nimefika kwa marehemu wa Mtongwe, majirani zetu.

Nanyi mnaopeleka vyombo vyenu kwa mafundi, nisikilizeni. Betri mjue ina hali gani. Ukiitwa na usiyemwona, funga kinywa. Na fundi akikuomba diski yako ya zamani akaitupe bure, iweke kibindoni kwanza, kisha mwulize mamake ni nani.