Mwanya wa Ukubwani

Nilipovuka miaka arobaini, Mungu alinijalia mwanya. Meno yangu mawili ya mbele, yaliyobanana tangu utotoni, yalianza kuachana taratibu, na mimi, muuza vitenge wa Kharumwa ambaye hakuna aliyewahi kunisifia sura, nikaanza kucheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mume wangu alisema nimerudi usichana. Katika picha zote za harusi nilizoalikwa kipindi hicho nimekenua.

Nikipiga mswaki, damu ilitoka hapo mbele. Basi nikawa naruka sehemu hiyo, napumzisha kidonda. Nilijiona mwenye akili sana.

Siku moja niliuma ukingo wa kitenge ili nikichane, jino likacheza. Nilishtuka, nikafunga duka, nikapanda gari la Kahama. Daktari wa meno alikuwa binti wa rika la mwanangu.

"Shikamoo mama. Huu mwanya ni wa kuzaliwa?"

"Marahaba. Nimejaliwa juzijuzi tu," nikajibu kwa maringo.

Hakucheka. Alinieleza kwamba ufizi una askari wake, kinga ya mwili, wanaopambana na wadudu wa kwenye uchafu wa meno. Damu na uvimbe ni dalili za mapambano hayo. Uchafu ukiondolewa, askari hutulia. Uchafu wangu niliuacha ukaganda, ukawa ugaga, nao askari wakapigana bila kupumzika hadi wakaanza kuharibu mfupa ulioshikilia meno. Kumbe nilikuwa nashangilia meno yanayohama.

"Yatang'oka?" Nilijiona kibogoyo mbele ya wateja.

"Tukitoa ugaga, nawe ukasafisha hapohapo panapotoka damu, tunaweza kuyaokoa. Ila mfupa uliokwisha haurudi, na mwanya utabaki."

Niliporudi, mume wangu alikuwa mlangoni.

"Hawajauziba mwanya?"

Nikamweleza yote. Akavuta kiti hadi dirishani, akafungua mdomo.

"Hebu niangalie na mimi."

Fizi zake zilikuwa nyekundu, zimevimba. Nilipoligusa jino la chini, lilicheza kuliko langu.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mwanya wako."

Nilitamani kulia. Miaka yote hiyo nilikuwa namkenulia ili anione, na sikuwahi hata siku moja kumtazama yeye mdomoni.