Kitambaa Cheupe cha Jirani Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jirani yangu kule Hagsätra, Uswidi, alikuwa mama wa Kichile. Tulipika pamoja kwenye jiko la shule. Mumewe alikuwa amepasuliwa moyo. Daktari akamwambia atembee, acheze, atoe jasho. Mzee akaenda kukaa kwenye kochi. Aliogopa mshono utaachia. Mkewe aliogopa kuliko yeye. "Akiendelea kukaa hivi, nitamzika huku kwenye theluji," aliniambia kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza, huku anamenya viazi na machozi yanamtoka.

Muuguzi wa zahanati, binti wa Kiswidi mwenye roho nzuri, akaanzisha mazoezi ya watu wazima wa Amerika ya Kusini katika ukumbi wa mtaa wetu. Nikamsindikiza jirani. Jamani, mazoezi gani yale! Kila mtu alikuja na sinia la sambusa zao kubwa za nyama. Walinyoosha mikono kidogo, wakakaa, wakala. Muuguzi wa watu akabaki na mipira yake ya mazoezi. Mzee alikaa pembeni akilinda makoti, utadhani ameajiriwa.

Mimi uvumilivu sina. "Hawa watu wako wanafanyisha mazoezi taya tu," nikamwambia jirani.

Alicheka. "Ngoja Alhamisi," akasema.

Alhamisi alikuja na gauni la sherehe na kitambaa cheupe mkononi. Akaweka sidii ya muziki wa kwao. Ngoma ile ina adabu yake: mwanamke husimama akingoja, mwanamume humwendea na kumpa mkono, wanazunguka kwanza polepole, ndipo wanacheza. Basi akasimama katikati ya ukumbi. Mwanamume mmoja akamwendea, mama akatikisa kichwa kumkataa. Akaja mwingine, naye akamkataa. Wimbo ukaisha, akaurudisha, akasimama tena, macho kwa mumewe tu. Watu wakaacha kutafuna. Kwao, kumwacha mkeo amesimama hivyo mbele za watu ni fedheha kubwa. Mimi nilitamani kukimbia.

Mzee akaweka makoti chini. Akainuka, akafunga vifungo vya koti lake, akaenda kumpa mkono.

Mungu wangu! Mtu niliyezoea kumwona akihema kwenye ngazi alipiga visigino chini mpaka glasi zikalia mezani, kitambaa cheupe cha mkewe kikizunguka juu ya kichwa chake, naye mama akimkwepa na kumrudia kama msichana. Sikujua kwamba kitu kama kile kilikuwa kimekaa kwenye kochi ghorofa moja chini yangu.

Ghafla akasimama, mkono kifuani. Watu waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Muuguzi akamkimbilia, lakini mzee akamzuia. Akauchukua mkono wa mkewe, akauweka pale kifuani, akasema jambo kwa lugha yao.

Jirani akanigeukia, uso umelowa.

"Anasema bado unapiga," akaniambia. "Anasema nirudishe wimbo."