Konokono Mbele ya Majaji

Kila asubuhi, kabla hajatundika mkoba wake, shangazi yangu hufungua droo ya juu kabisa na kusema, "Shikamooni." Hufungua ya pili: "Shikamooni." Akifika droo ya tano hubadilisha: "Hamjambo?" Konokono wa humo amewaokota mwenyewe, na hawezi kumwamkia mtu aliyeokotwa juzi tu. Wa droo za juu waliokotwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Heshima ni heshima.

Watu wote wa makumbusho wanamwita Mama Konokono. Chumba chake ni cha tatu kulia baada ya ngazi, nacho kinanuka spiriti na naftalini kiasi kwamba nyumbani tukimkumbatia tunapiga chafya. Mlango unaotazamana na wake ni wa Bwana Ndege, mtunza ndege waliokaushwa. Wawili hawa wametumia birika moja na lenzi moja kwa miaka ishirini na sita, na sijui kama wamewahi kusalimiana bila kutaniana.

"Mama, funga mlango, konokono wako wasije wakatoroka!"

"Wakitoroka Jumatatu, Ijumaa nitawakuta kizingitini. Wewe chunga wako, wanatokwa na pamba."

Zamani fedha za utafiti ziligawanywa, kila chumba kikapata kidogo chake. Mwaka huu mkurugenzi aliwakusanya watunzaji wote akatangaza kwamba sasa ni ushindani. Kila mmoja aandike andiko, alitetee mbele ya majaji watatu, na mmoja tu apewe ruzuku.

Shangazi alirudi nyumbani uso umemshuka. Kwenye rafu yake ya chini kuna mitungi arobaini ya konokono ambao hakuna aliyewahi kuwatambua. Anayeweza kazi hiyo ni yeye peke yake, na mwakani anastaafu. Asipopata ruzuku, mitungi itabaki bila majina.

Alikaa mezani na fomu. Baada ya saa nzima akanipa nisome. Nilisoma mara mbili nikidhani kurasa nyingine zimedondoka. Jina la mradi: Konokono. Idadi: Mitungi 40. Mbinu: Kuangalia. Muda: Hadi waishe. Yote kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi.

Alikuwa ameandika lebo! Maisha yake yote ameandika vijikaratasi vya kutumbukiza mitungini: maneno machache, kwa penseli, maana wino hufutika kwenye spiriti. Hakuna aliyewahi kumwomba aongeze neno.

"Shangazi, wanataka kurasa kumi. Inabidi ujisifu kidogo."

"Nijisifu? Mimi?" Alishika kifua kana kwamba nimemwambia apande juu ya meza acheze.

Kesho yake alimpelekea Bwana Ndege kilio chake. Kumbe naye alikuwa ameandika mistari sita, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa sahihi yake. Ndipo walipogundua kwamba kujisifu hawawezi, ila kusifiana wanaweza sana. Shangazi akaandika andiko la Bwana Ndege, Bwana Ndege akaandika la Shangazi, na mimi nikawachapia. Jamani! Utani wa miaka ishirini na sita ukatoka ukiwa sifa tupu. "Humtambua konokono kwa kumpapasa, macho yamefumbwa." "Mikono yake haijawahi kuvunja unyoya."

"Hapa umenidanganyia," Bwana Ndege alilalamika, masikio yamemwiva.

"Nyamaza, bado sijafika kwenye sifa."

Siku yenyewe nilimsindikiza Shangazi. Alibeba konokono hai ndani ya kopo la chakula, akamweka juu ya meza ya majaji. Mwanzoni alisoma andiko bila kuinua macho. Jaji mwenye miwani nyekundu akauliza, "Mama, hawa konokono wana faida gani hasa?"

"Huyu ni wa bustanini kwetu, anajulikana, hana neno. Ila kuna wengine wa majini wanaobeba kichocho, na wengine hawabebi. Watoto wanaogelea nao wote. Kwenye mitungi yangu yupi ni yupi? Mimi nataka kujua kabla sijaondoka."

Hofu ilimtoka palepale. Akaongea hadi kengele ikalia, akaendelea kuongea juu ya kengele.

Akafuata Bwana Ndege. Alikuwa katikati ya mbawa za tai pale jaji alipopiga ukelele: "Anakula alama!" Konokono, ambaye wote walikuwa wamemsahau, alikuwa ameshakatiza meza na sasa alitafuna kona ya karatasi ya alama za Bwana Ndege.

"Samahani, Mheshimiwa," Shangazi alisema, "hajala tangu jana."

"Mnaona?" Bwana Ndege alinyoosha kidole. "Ameanza kuiba kura!"

Jaji mwenye miwani nyekundu alicheka mpaka akaivua miwani. Karatasi nyingine ikaletwa, alama za Bwana Ndege zikaandikwa upya mbele ya wote, na jioni matokeo yakabandikwa. Konokono walishinda kwa alama mbili.

Shangazi aliruka koridoni kama msichana wa miaka kumi, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Aliingia mbio kwa Bwana Ndege kumkumbatia, akamkuta ameinama juu ya bawa la tai, anatoa wadudu kwa kibano, mmoja baada ya mwingine. Dawa ilikuwa imekwisha, na fedha ya nyingine ilikuwa ndani ya andiko lililoshindwa.

"Hongera, mwizi wa kura," alisema bila kuinua kichwa. "Chai leo unachemsha wewe."

Alichemsha. Kisha akavuta kiti, akachukua kibano cha pili, wakatoa wadudu pamoja hadi mlinzi akaja na funguo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza, "Basi Shangazi, ni sawa fedha za utafiti zishindaniwe?"

"Za kutafuta jipya, sawa, tushindane," alisema. "Bila wale majaji nisingewahi kueleza kazi yangu. Lakini za kulinda tulichonacho, hapana, mwanangu. Hizo kila chumba kipewe, kila mwaka."