Ashraf na Dirisha la Dawa

Kwa mamlaka ambayo hakuna aliyenipa, nawatangazia wananchi wote wa Newala, mliosimama na mlioketi, kwamba Ashraf Sadallah, mpuliza salfa kwenye mikorosho na mtumiaji wa unga kwa miaka tisa, ndiye mtu wa kwanza mtaani kwetu kuletewa maji safi bila kupanga foleni.

Maji yenyewe ni matone ya kuyeyushia unga, yamo kwenye vichupa vidogo kuliko kidole. Kila Jumanne nesi Mabel hupanda na pikipiki kutoka Masasi, husimama nyuma ya duka la pembejeo, hupokea sindano zilizotumika na kutoa mpya pamoja na vichupa hivyo. Majirani, ambao bomba lao lilitoa maji mara ya mwisho kabla ya Idi, walinuna.

"Teja anapewa maji ya serikali, mimi nabeba ndoo kutoka bondeni!" alifoka Mama Lameck. "Hapa pana jambo."

Ashraf naye aliona pana jambo. Zama hizi za soko huria hata kivuli kinakodishwa. Nani agawe sindano bure? Tena kila wiki Mabel alimuuliza, kalamu juu ya fomu, "Uko tayari kutibiwa uache unga?" Ashraf alijibu, "Tutaona, Sista," maana Nikolao, mwenzake wa sindano, alisema ndiyo, na tangu hapo hakuonekana.

Lakini mkono wa kushoto wa Ashraf, anaojidunga, ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Msimu wa salfa ulibakiza mwezi, mashine ya kupulizia haibebwi kwa mkono mmoja, na kazi nyingine Ashraf haijui.

Ndipo Nikolao akatokea, kanenepa, shati limepigwa pasi. Ashraf akamhoji kama askari.

"Walikufunga?"

"Nalala kwa dada yangu, Masasi."

"Walikupiga picha?"

"Wapi!"

"Sasa wanataka nini?"

"Ninywe kikombe cha dawa kila asubuhi, nesi ananitazama. Nikishameza ananiambia niseme kitu, ajue sijaificha mdomoni."

"Unasema nini?"

"Shikamoo."

Ashraf akacheka hadi akakohoa. Kumbe nao wanatushuku! Watu wanaomshuku kama yeye anavyowashuku, hao angalau wana akili timamu.

Jumanne iliyofuata alisema ndiyo. Kalamu ikamdondoka Mabel. Akamwita Mama Lameck aje awe shahidi, akapanda juu ya kreti la soda.

"Leo shetani kaaibika Newala!" alitangaza. "Ashraf, kuanzia kesho, kila siku bila kukosa. Dirisha la dawa Masasi liko wazi saa moja mpaka saa tatu asubuhi."

Ashraf akautazama mkono wake, akauviringishia tena kitambaa.

"Gari la kwanza kutoka hapa linafika Masasi saa nne, Sista. Nipe sindano."