Zamu ya Maji Jumapili

Baada ya kiharusi kumpata mume wangu, mguu ulirudi, mkono ukarudi, ulimi ukabaki nyuma. Maneno yalitoka yakijiburuta. Siku moja aliomba sukari dukani pale kwetu Gatitu, muuzaji akamwambia arudi pombe ikimtoka. Mzee wangu, mtu ambaye hajawahi kuonja hata muratina ya harusi! Tangu siku hiyo hakuongea na mtu wa nje. Kanisa aliacha. Wageni wakija, mimi ndiye niliyemjibia: amelala vizuri, anakula, anasema asante. Daktari alituonya kwamba ulimi usiotumika hulala kabisa, nami niliogopa sana. Niliogopa nitazeeka na bubu, na kisa ni aibu tu.

Baiskeli hakuikataa, mradi tutoke Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani. Njia ya kando ya mfereji ni tambarare mpaka bwawani, hata mimi na magoti yangu naiweza. Yeye alitangulia na ile yake ya kubebea maziwa, mimi nyuma na ya mpwa wangu, kiti kikinifinya. Kwa mbali mlima ulikuwa wazi, hauna wingu. Kusema kweli, nilikuwa na furaha.

Ndipo nikaona maji yakiingia kwenye shamba la kabeji. Jumapili! Kule Mukurweini nilikozaliwa, Jumapili hakuna anayefungua maji. Yanaachwa yawateremkie walio chini. Anayefungua ni mwizi, tena mwizi anayengoja wenzake wafumbe macho kusali. Nikashuka, nikang'oa bati lililokinga mfereji, nikaziba njia ya kuingia shambani kwa matope.

"Wacha," mume wangu akaniambia. Sikuacha. Mimi nikianza huwa siachi.

Mwenye shamba, mama mmoja, akatokea na jembe, gambuti mpaka magotini. "Haiya! Wewe mama, unafunga maji yangu kama nani?"

"Maji yako ya Jumapili? Huna hata haya!"

"Ati haya? Sisi tunasali Jumamosi! Jumapili ndiyo zamu yetu, uliza mtu yeyote hapa!"

Nikabaki na matope mikononi. Ningeomba msamaha hapo hapo, lakini hasira yangu ikishika mteremko haina breki. Nikajisikia nikisema, "Na mimi ningejuaje? Mmeandika wapi?" Yule mama akaliinua jembe begani, akanisogelea.

Mume wangu akalaza baiskeli, akaja akasimama katikati yetu.

"Mama," akasema. Akameza mate. "Utu... utusamehe. Huyu wangu... anafunga... hata maji ya Mungu."

Nilingoja kusikia habari ya pombe. Ningemrukia, jembe au si jembe. Lakini yule mama alilishusha jembe akasikiliza, macho usoni pa mume wangu, wala hakumsaidia hata neno moja. Maneno yalipokwisha, akaangua kicheko.

"Pole, baba. Na unaishi naye namna gani?"

"Kwa... neema."

Wakacheka wote wawili, wananicheka mimi. Woi, sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku hiyo! Nilitoa matope, nikarudisha bati mahali pake, na kabeji zikaendelea kunywa.

Bwawani tulimkuta mwanamume akinywesha ng'ombe wake. Akatuamkua vizuri, kisha akamgeukia mume wangu. "Mmetoka wapi, mzee?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kujibu, kwa mazoea. Nikaufunga. Mume wangu aliniangalia, akaona sisemi, akamwangalia yule mtu.

"Ga," akasema, akakwama.

Ng'ombe wakaendelea kunywa. Jina lote lilikuwa kwenye ulimi wangu, linaniwasha. Yule mtu akangoja. Nami, mke wake, nikangoja.