Maziwa ya Siku Tisa

Wodini walimwita Bi Matone, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwalisha watoto njiti tone kwa tone. Wenzake walimtania kwamba vidole vyake vinene havingeweza hata kutunga uzi kwenye sindano, lakini mrija aliupitisha mdomoni mwa kichanga hadi tumboni bila mwenyewe kushtuka.

Alipoanza kazi, agizo lilikuwa moja: njiti asipewe maziwa siku za mwanzo, apewe dripu tu, maana utumbo wake bado ni mchanga. Alitii. Miaka ikapita, akaja daktari mpya na agizo jingine: maziwa ya mama yaanze siku ile ile ya kwanza, hata kama ni mililita moja. Wenzake walilipokea kama waliobadilishiwa sare. Yeye aliingia stoo ya mashuka akakaa humo kitambo, akiwakumbuka njiti wa miaka ile ya dripu, waliokuwa wakinyonya ngumi zao kwa njaa.

Mwaka wake wa mwisho kazini, mshona nguo mmoja alijifungua mtoto wa kike wa gramu mia tisa, mimba haijatimiza hata miezi saba. Bi Matone alimfuata kitandani mapema, akamfundisha kukamua. Yalitoka matone ya njano yasiyojaza kifuniko cha chupa. Mshonaji aliona haya. Bi Matone aliyavuta yote kwa bomba la sindano, akamwambia kwa leo yanatosha.

Siku nane mambo yalikwenda. Mililita moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Baba mtoto, fundi baiskeli, alikuja kila jioni na mikono aliyoisugua mpaka ikachubuka, lakini hakuthubutu kumgusa mwanawe.

Asubuhi ya siku ya tisa, Bi Matone alipovuta kwa mrija yaliyobaki tumboni kabla ya kulisha, yalirudi maji ya kijani. Tumbo lilikuwa limevimba, linang'aa. Maziwa yakasimamishwa, daktari akaitwa. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa amekata roho.

Mshonaji aliuliza jambo moja tu. "Mama, ni maziwa yangu?"

Bi Matone alivuta kiti akaketi.

"Ugonjwa huu wa utumbo huwapata njiti, hata wasiolishwa. Maziwa yako ndiyo kinga kubwa tuliyokuwa nayo. Haikutosha."

"Ungepewa mwingine kama yeye, ungeanza vilevile?"

"Vilevile, mwanangu. Siku ile ile."

Baada ya siku tatu mshonaji alirudi, kifua kigumu kama jiwe, blauzi imelowa. Aliuliza kama kuna mtoto wa kupewa maziwa yake. Hospitali haikuwa na namna ya kuyapima wala kuyahifadhi. Bi Matone alimpeleka bafuni, akamwonyesha kukamua kidogo tu, apate nafuu bila kuyaita mengine. Yakamwagika sinkini, wote wawili wakiyatazama.

Yalikauka baada ya wiki. Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake. Mwezi uliofuata Bi Matone alistaafu. Waliomuaga walimsifu kwa watoto waliopona, naye akawashukuru, akaondoka kabla ya chai.