Beji ya Ionia

Mama yangu, Ionia, alikuwa na beji moja tu. Mama Mkubwa Verdell, dada yake, alikuwa nazo mia tatu na kumi na mbili, na bado alimwonea mama wivu.

Beji ya mama ilitoka Washington, kwenye maandamano ya Agosti 1963 ya kudai haki za watu weusi: mkono mweusi na mkono mweupe imeshikana. Kanisa letu la Tarver, Alabama, lilikodi basi, na familia yao ilipewa nafasi ya mtu mmoja. Babu alikuwa amepigwa kiharusi. Bibi akaamua: Verdell abaki, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kumgeuza baba yao kitandani bila kumuumiza. Ionia, mwenye miaka kumi na tisa, aende.

Aliporudi, watu walimpokea kama bibi harusi. Tangu hapo kila Agosti aliivaa beji ile kanisani, akakaa benchi la mbele.

"Hata kuoga unaoga nayo?" Mama Mkubwa alikuwa akimuuliza.

"Naivua, dada. Naogopa isije ikashika kutu."

"Mm. Kutu ingekuwa na adabu kuliko wewe."

Ndipo alipoanza kukusanya zake. Alioka pai za viazi vitamu, akauza, na kila alipopata lifti ya kwenda Birmingham alipekua masoko ya vitu vikuukuu. Alipata beji za kura, za migomo ya mabasi, za wagombea walioshindwa, za wachungaji waliouawa. Alizipanga juu ya kitambaa cha mahameli na kuzifuta kwa soksi. Wageni walishangaa, kisha wakauliza, "Na ile ya Washington?" Alikuwa anaondoka kwenda kuangalia jiko hata kama halijawashwa.

Mwaka 1993 akaipata. Hakumwambia mtu. Agosti hiyo kanisa liliadhimisha miaka thelathini, na mchungaji wetu, Lucius Hargrove, alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwaka mjini.

"Waliokwenda Washington wasimame tuwaone," alisema.

Mama akasimama, na wazee wawili. Kisha, upande wa pili, nikamwona Mama Mkubwa anasimama, gauni la bluu, beji kifuani. Mchungaji akaanza kupiga makofi. Sisi wengine mikono ilitufia mapajani.

Mama aligeuka. "Kaa chini, dada," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kanisa zima lilisikia. "Siku ile ulikuwa unamgeuza baba."

"Na wewe nani alikupa nafasi ya kwenda?" Mama Mkubwa akajibu. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nilimfuata kwake jioni hiyo. Alikuwa jikoni, viatu kavua, ile beji iko mezani peke yake.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa. Nimesema uongo kanisani, kwa hiyo leo nitasema na kweli. Namwonea wivu mama yako. Si wivu wa kutaniana. Nikimwona anapita na beji ile, kifua kinanibana." Akainua macho. "Ile Jumatatu ya mahakamani ina beji?"

Nilikuwa naijua habari hiyo kwa vipande tu. Februari 1965, wanawake tisa waliofanya kazi kwenye duka la dobi la mjini walikwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Walisimama kwenye mvua tangu asubuhi, mwavuli mmoja. Karani, ili apate sababu ya kumkatalia, alimuuliza Verdell kipande cha sabuni kina mapovu mangapi.

"Nikamwambia, 'Bwana, mimi ni dobi. Inategemea nani anafua,'" alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Kesho yake wote tisa walifukuzwa kazi.

"Haina beji," nilisema.

"Haina."

Wiki hiyo alikwenda kwa Otha Killebrew, fundi aliyezitengenezea shule zetu beji za timu, akaagiza tisa tu. Zilikuwa nyeupe, zina mwavuli mweusi na tarehe chini yake. Wanawake wanne walikuwa bado hai, naye akiwemo. Beji za waliofariki aliwapelekea watoto wao, nyumba hadi nyumba, kwa miguu.

Mama alisikia habari za beji hizo. Akaja mlangoni kwa dada yake na sahani ya kuku; nami nilikuwepo.

"Verdell, nitengenezee na mimi moja."

"Ulikuwa wapi siku hiyo?"

Mama akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia. "Ulikuja kuniita. Nilijificha bafuni. Washington tulikuwa umati, dada, hakuna aliyenijua. Pale mahakamani wangeniita kwa jina."

"Najua ulikuwa bafuni. Niliona viatu vyako chini ya mlango."

"Basi nipe."

"Sikupi."

Akaipokea sahani ya kuku, lakini beji hakumpa. Si mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Nilimwona mama akiitazama kifuani mwa Bi Cleotha, mmoja wa wale tisa, kwa jicho nililolijua tangu utotoni, ila lilikuwa limehamia uso mwingine.

Shule ya wilaya ilipomwalika Mama Mkubwa azungumze na wanafunzi, mama ndiye aliyempeleka, maana dada yake hakujua kuendesha gari. Lakini mama aligoma kuingia. Alikaa nyuma ya usukani saa nzima. Mimi niliingia; nilipotoka kabla Mama Mkubwa hajamaliza, mama akashusha kioo.

"Anasema nini?"

"Anasimulia mvua."

"Wanamsikiliza?"

"Hakuna anayekohoa."

Mama akafuta kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. Mwishowe Mama Mkubwa akaja, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

"Washa gari, Ionia," alisema. "Nina njaa, na wewe umevuta midomo."

"Sijavuta midomo."

"Haya. Twende."